Maziwa ya Bwana Ngollo

Kila jioni, saa kumi na mbili kasoro, mama alirudi kutoka kazini na vitu viwili: mikono yenye rangi ya waridi na chupa ya maziwa. Mikono aliificha ndani ya kanga akipita mtaani. Chupa aliibeba mbele ili ionekane.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, kunywa kabla hayajaharibika.”

Nami nilikunywa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kazi zangu za jioni zilikuwa kuchota maji, kuwasha jiko la mkaa na kumaliza chupa ile. Mama alikaa kwenye kigoda akinitazama mpaka nimeze tone la mwisho. Nikikumbuka hivi sasa, natamani ningeirusha chupa yenyewe ukutani, lakini ilikuwa ya plastiki, hata kuvunjika isingevunjika.

Tulikaa Ng'ambo, hapa Tabora mjini, nyuma ya mashine ya kukoboa. Baba yangu, Silasi, alikuwa fundi baiskeli kando ya barabara. Mama yangu, Adelina, alifanya kazi kwenye ghala la mbegu la Bwana Ngollo, jengo la zamani lenye kuta nene ambalo wazee walisema lilijengwa na wafanyabiashara wa misafara. Siku hizo lilijaa mahindi na karanga za mbegu, zikisubiri malori ya kwenda Nzega, Igunga na Sikonge kabla ya mvua za kwanza.

Kabla ya kufungwa kwenye mifuko, mbegu zilipakwa dawa ya kuua wadudu. Wanawake kumi na mmoja walizimwaga juu ya turubai, wakazimiminia dawa kutoka kwenye dumu, kisha wakapiga magoti na kuzigeuza kwa mikono mitupu mpaka kila punje ikolee rangi. Rangi hiyo iliwekwa na kiwanda ili mtu asije akala mbegu zenye sumu akidhani ni chakula. Wanawake wa ghalani waliigeuza utani. “Leo mmepaka hina, harusi ya nani?” waliulizana huku wakinyoosha vidole na kucheka. Vumbi la dawa lilikaa kwenye kope zao, likaingia vifuani mwao, likaja nyumbani na nguo ambazo mimi nilizifua.

Bwana Ngollo hakuwapa glavu. Saa kumi jioni alikuja mwenyewe na ndoo ya maziwa, akampimia kila mwanamke nusu lita kwa kopo. Mtaa mzima ulimsifu. Wapi tena, watu walisema, utamwona tajiri anayewanywesha wafanyakazi wake maziwa? Hata mimi nilimsifu. Kila nilipokutana naye nilimwamkia kwa kupiga goti.

Jumapili moja, mwezi wa tisa, tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Mama aliniita chumbani nimfunge zipu ya gauni. Zipu ilikwama, nikapitisha mkono ubavuni kwake ili nivute kitambaa. Vidole vyangu vikagusa kitu kigumu kwenye titi lake la kushoto, upande wa kwapani. Kilikuwa na ukubwa wa karanga isiyomenywa.

“Mama, hiki nini?”

Aliusukuma mkono wangu. “Jipu.”

“Mbona halina joto?”

“Ni la ndani. Hata haliniumi.” Alinigeukia, akanishika mabega yote mawili. “Kabula, usimwambie baba yako. Msimu umebaki wiki sita. Ukikosa siku mbili tu kwa Bwana Ngollo, anaweka mtu mwingine. Msimu ukiisha nitakwenda hospitali mwenyewe. Umenisikia?”

“Nimesikia, mama.”

“Niahidi.”

Nikaahidi. Mtoto mwenye adabu angefanya nini? Nilikwenda na ahadi hiyo kanisani, nikaimba nayo, nikarudi nayo nyumbani kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Kwa wiki tatu nzima nilifunga mdomo. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mtiifu.

Katika wiki ya pili, siku ya Jumamosi, nilimfuata mama ghalani saa kumi jioni ili tupitie sokoni. Niliwakuta wamepanga mstari mbele ya ndoo. Mama alipopimiwa, alimimina maziwa yake yote kwenye chupa na kuifunga. Nyuma yake alisimama mama Imakulata, mkubwa kuliko wote pale, aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Yeye alikunywa ya kwake kwa mkupuo mmoja, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono wenye rangi.

“Adelina, mayu,” alisema, neno letu la mama, “unafunga tena ya kupeleka nyumbani?”

“Mtoto anakua, mama Imakulata.”

“Mtoto anakua, na wewe je? Haya tunapewa yatuoshe sumu. Ndiyo yanayoshusha dawa yote tuliyovuta puani. Mimi sijaruka hata siku moja, ndiyo maana unaniona bado nimesimama. Wewe kinga yako unampa mtoto.”

Mama alicheka tu, akanishika mkono tukaondoka. Sokoni sikuona nyanya wala dagaa. Nilikuwa nimedhani maziwa yale ni zawadi. Kumbe yalikuwa dawa, na aliyekuwa akiyanywa ni mimi. Kila jioni mama aliniangalia nikimeza kinga yake, na kwenye titi lake kitu kile kilikuwa kikikua.

Jioni hiyo aliponipa chupa, niliiweka chini.

“Sinywi.”

“Umeshiba wapi?”

“Kunywa wewe, mama. Mama Imakulata amesema yanaosha sumu. Hilo jipu limekuja kwa sababu mimi nayamaliza!”

Akasema nisimletee maneno ya wakubwa. Tuligombana kwa sauti ya chini, maana baba alikuwa nje anaziba pancha. Mwishowe tuligawana nusu kwa nusu. Tangu siku hiyo tukawa tunabishana kila jioni nani anywe zaidi, mama na mtoto, kwa maziwa ambayo hayakuwa na kazi tuliyodhani.

Hilo nililijua shuleni. Nesi mmoja alikuja kutuchoma wasichana chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Aliitwa Elieth, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Baada ya kutuchoma, alitukalisha darasani akatueleza habari za saratani nyingine, ile ya matiti. Alisema mwanamke akiona uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, asingoje.

“Sababu zake ni nyingi,” alisema. “Umri mkubwa, ukoo wenye ugonjwa huo, pombe, na mambo mengine ya mwili. Na watafiti wameona kwamba baadhi ya kemikali ambazo wanawake wanazishika kazini mwaka baada ya mwaka zinaweza kuongeza hatari. Zipo baadhi ya dawa za kuua wadudu, zipo baadhi ya dawa za nywele, yapo maji ya kusafishia mashine. Mna swali?”

Mkono wangu ulinyooka wenyewe. “Nesi, maziwa yanaosha sumu mwilini?”

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka.

“Nani amekwambia?”

“Watu wote. Wanaopuliza dawa kwenye pamba, wanaopuliza kwenye tumbaku, na wa ghala la mbegu. Wanapewa kila siku.”

“Na glavu wanapewa?”

“Hapana.”

Alivuta pumzi. “Sikieni nyote, mkawaambie na wa nyumbani. Sumu ikipita kwenye ngozi au puani, haikai tumboni kungoja maziwa. Inaingia kwenye damu. Maziwa ni chakula kizuri, wala siyakatai, lakini hayaoshi sumu. Mtu anayekupa maziwa badala ya glavu amekupa kitu cha kukunyamazisha.”

Nilihisi masikio yanawaka. Kwanza niliona nafuu, kwamba sikumwibia mama kinga yake. Kisha ikaja hasira, na nafuu ikaondoka. Hakukuwa na kinga yoyote ya kuiba! Miaka yote ile wanawake kumi na mmoja walipanga mstari na makopo yao, wakasema asante, wakarudi nyumbani wakiamini wamesafishwa. Mimi nilikuwa nampigia goti mtu yule.

Nilimfuata nesi Elieth nje, akiwa anapanga vifaa vyake kwenye sanduku.

“Nesi, kuna mtu ana uvimbe. Lakini nimeahidi kutosema.”

“Basi usiniambie jina. Niambie, unamuuma?”

“Anasema haumuumi.”

“Una muda gani?”

“Mimi nimeujua wiki tatu.”

Aliacha kupanga. “Uvimbe mwingi wa titi si saratani, usije ukalia bure. Lakini hakuna mtu anayeweza kujua kwa kuutazama au kuushika, mpaka upimwe. Usipouma ndiyo usipuuzwe. Mtu huyo aje kliniki wiki hii, si msimu ukiisha, si baada ya mavuno.” Sikuwa nimemwambia habari ya msimu. Nadhani alikwisha kusikia sababu hiyo kutoka kwa wengi. “Na hiyo dawa ya ghalani inaitwaje?”

Sikujua. Akaniambia niisome lebo na kuinakili kwenye daftari, lakini nisiguse dumu kwa mkono.

Jioni nilimweleza mama kila kitu. Alisikiliza huku anachambua mlenda. Nilipomaliza alisema, “Msimu ukiisha,” akaendelea kuchambua. Nilimwambia nesi amekataza kungoja. Alisema nesi ana mshahara wa serikali. Nililala nimeuma shuka.

Jumamosi nilikwenda ghalani na daftari langu la sayansi. Madumu yalipangwa kando ya ukuta, lebo zote zikitazama ukutani. Sijui ni nani aliyeyapanga hivyo, wala sitasema nisichokijua. Nilichukua mpini wa ufagio, nikaligeuza moja. Lebo ilikuwa imechafuka rangi, lakini picha zilionekana: fuvu la kichwa, mikono yenye glavu, uso wenye barakoa. Chini yake palikuwa na maandishi madogo ya Kiswahili. Nilianza kuyanakili, kisha nikajikuta nayasoma kwa sauti.

“Hatari. Vaa glavu ndefu, barakoa, miwani na aproni. Usiguse kwa mikono mitupu. Usile wala usinywe mahali dawa hii inapotumika.”

Mikono juu ya turubai ikaanza kusimama, mmoja baada ya mwingine.

“Ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi na sabuni. Ikimezwa, usimpe mgonjwa maziwa wala mafuta. Mpeleke hospitali haraka pamoja na lebo hii.”

Mama Imakulata alikuwa amepiga magoti na mbegu zimejaa viganjani. “Mwanangu,” alisema polepole, “soma tena pale pa maziwa.”

“Usimpe mgonjwa maziwa.”

“Soma tena.”

Nilisoma mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi, maana nilimwona Bwana Ngollo akiingia mlangoni na ndoo yake.

“Kuna nini? Mbona kazi imesimama?”

“Mtoto amesoma dumu,” alisema mama Imakulata.

Bwana Ngollo aliweka ndoo chini, akaniangalia mimi, daftari na mpini wa ufagio. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima anayezungumza na watoto. “Maandishi ya kiwanda hayo. Kiwanda lazima kijikinge, kisije kikashtakiwa. Ninyi mmeifanya kazi hii miaka mingapi? Nani amekufa hapa?”

Mama alisimama, akapangusa mikono kwenye kanga, uso umemwiva kwa aibu.

“Kabula, mwombe Bwana Ngollo radhi, kisha utoke nje.”

“Siombi.”

“Kabula!”

“Siombi radhi, mama! Ana haki gani ya kuuliza nani amekufa? Mbona humwambii kwamba una uvimbe kwenye titi? Mbona humwambii?”

Kofi lilinipata kabla sijafunga mdomo. Mama hakuwa amewahi kunipiga mbele za watu. Nilibaki nimesimama, shavu linawaka, na machozi yalinitoka kwa hasira kuliko kwa maumivu. Nilikuwa nimevunja ahadi, tena kwa kupiga kelele, mbele ya wanawake kumi na mwanamume mmoja. Na ningeivunja tena.

Mama Imakulata alifungua viganja, mbegu zikamwagika. “Adelina. Ni kweli?”

Mama alikaa juu ya gunia. Alijifunika uso na upindo wa kanga, mabega yakaanza kutikisika.

“Mtoto asiye na adabu huyu,” alisema Bwana Ngollo. “Haya, rudini kazini. Atakayeondoka saa hizi asirudi tena.”

“Sabuni iko wapi?” aliuliza mama Imakulata.

“Sabuni gani?”

“Imeandikwa maji mengi na sabuni. Nataka nimnawishe huyu mikono nimpeleke kwa mume wake. Iko wapi?”

Haikuwapo. Ghala zima, lenye madumu ya sumu mpaka darini, halikuwa na kipande cha sabuni. Mama Imakulata alimshika mama mkono, wakatoka wakapita mbele ya ile ndoo. Wanawake wengine watatu waliwafuata. Waliobaki walirudi kwenye turubai, wameinamisha vichwa. Siku ile niliwachukia. Siwachukii tena, kwa sababu nao walikuwa na watoto wa kulisha, na aliyetaka wachague kati ya chakula na afya ni Bwana Ngollo, si wao.

Baba alikuwa amepindua baiskeli ya mteja, anakaza mnyororo. Mama Imakulata ndiye aliyemweleza, na mama akaongeza kwamba mimi nilikuwa nimeujua uvimbe huo kwa wiki tatu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, spana ikiwa mkononi, kisha akanigeukia mimi.

“Wiki tatu, Kabula?”

“Niliahidi, baba.”

Hakunigombeza. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na hilo lilinitisha kuliko kugombezwa.

Jumatatu alfajiri alimpakia mama kwenye baiskeli, akampeleka kwa nesi Elieth, naye akawaandikia waende hospitali. Huko walimpima mama kwa mashine ya picha, kisha wakamchoma sindano nene na kutoa kinyama kidogo cha kupima. Majibu yalichukua wiki mbili. Katika wiki mbili hizo mama alipika, akafua, akasuka nywele zangu, na hakuna aliyetaja lolote. Majibu yalipotoka, baba alirudi nyumbani akiwa anasukuma baiskeli badala ya kuipanda.

Ilikuwa saratani. Daktari alisema bado ilikuwa changa, haijasambaa, na kwamba kama mama angengoja, hadithi ingekuwa nyingine. Mama na baba walipanda treni kwenda Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Shangazi Flavia alikuja kutoka Puge na gunia la mpunga ili akae nami. Mama alikatwa titi la kushoto. Baada ya hapo alitiwa dawa za mishipani zilizomtapisha na kumnyonyoa nywele zote. Sitalipamba jambo hili. Aliporudi kwa mara ya kwanza, amejifunga kilemba, amekonda, nilikimbilia uani nikapiga teke ndoo yetu ya maji mpaka ikapasuka. Shangazi aliniacha nipige, kisha akanipa pesa nikanunue nyingine.

Nilimwuliza nesi Elieth swali lililokuwa linanichoma. “Ni ile dawa?”

“Siwezi kukuapia, Kabula,” alisema. “Hakuna daktari atakayeweza kuutazama uvimbe wa mama yako na kukwambia umetoka kwenye dumu lile. Saratani haiandiki jina la aliyeileta. Tunachojua ni kwamba kemikali za namna hiyo ni hatari, kwamba zinaingia mwilini kupitia ngozi, na kwamba mama yako alizishika kwa misimu sita bila kinga yoyote.”

Jibu hilo halikunipoza. Lilinikasirisha zaidi, kwa sababu Bwana Ngollo alilipenda sana alipolisikia.

Lakini nesi Elieth hakukaa kimya. Alichukua nakala yangu ya lebo, ile ya daftari la sayansi, akaipeleka pamoja na barua kwa wakaguzi wa usalama mahali pa kazi. Mama Imakulata aliweka dole gumba chini ya barua, na wale watatu wakaandika majina yao. Barua ilikaa maofisini mpaka msimu uliofuata, ndipo wakaguzi wakaja. Walifunga ghala kwa majuma matatu, katikati ya msimu, na Bwana Ngollo akazunguka mjini akilalamika kwamba ameponzwa na mtoto wa shule.

Lilipofunguliwa, lilikuwa na pipa la chuma lenye mkono wa kuzungushia, ili mbegu zichanganywe bila kuguswa. Kulikuwa na glavu ndefu, barakoa, aproni, bomba la maji na sabuni, na chumba cha kubadilishia nguo ili vumbi lisiende nyumbani kwa watoto. Vyote hivyo viliwezekana tangu mwanzo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wanawake wote waliofukuzwa walirudishwa, na nesi Elieth alifika siku hiyo kuwapima mmoja mmoja kwenye chumba kile kipya. Mmoja wao alipelekwa hospitali kwa vipimo zaidi, na namshukuru Mungu hakukutwa na saratani.

Mama alikuwa amemaliza matibabu, na nywele zilikuwa zimeanza kuota. Hakutaka kurudi kwenye kazi ile, na baba alikwisha kumtafutia pa kuuzia karanga karibu na stendi. Lakini siku ile aliniambia nivae sare za shule nimfuate ghalani. Tulimkuta Bwana Ngollo akibishana na nesi Elieth uani.

“Hata daktari hajasema ni dawa yangu,” alikuwa akisema.

“Na wewe huwezi kusema siyo,” alijibu nesi Elieth. “Unataka tuhesabu wanawake wangapi kwanza, ndipo tukubaliane kuvaa glavu?”

Mama alipita kati yao kama vile hawakuwapo, akaenda kusimama mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja kupimwa. Alinivuta nikasimama kando yake.

“Mlikuwapo wote,” alisema. “Mliniona nikimpiga huyu mtoto hapa ndani. Nilimpiga kwa sababu alisema kweli, na mimi nilitaka ifichwe. Nilimwapisha mtoto anifichie ugonjwa ambao ungeniua. Basi mbele yenu namwomba radhi. Nisamehe, Kabula.”

Sikujua niangalie wapi. Kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi hadharani. Mama Imakulata alitazama chini, mwingine akaanza kulia. Nilitikisa kichwa kukubali.

Mama akaniinamia, lakini alisema kwa sauti ya wote kusikia. “Mtoto amtii mzazi wake, hilo halibadiliki. Utaniheshimu, utanifulia, utanichotea maji. Lakini mzazi au mtu yeyote mzima akikuambia umfichie ugonjwa wake, hapo usimtii. Mwambie baba, mwambie nesi, mwambie mwalimu. Asiposikia mmoja, mfuate mwingine. Na ukiona watu wazima wanashika sumu kwa mikono mitupu, usione haya kuuliza kwa nini, hata kama wanakupa maziwa. Umenisikia?”

“Nimesikia, mama.”

“Wakikunyamazisha, piga kelele.”

“Hata ukinipiga?”

Macho yake yalijaa machozi, ila hakuyageuzia pembeni.

“Hata nikikupiga,” alisema.